Fungate Yetu Ilichelewa Miaka 21

Mama mwenzangu, hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho wewe na mumeo mliketi pamoja siku nzima bila kuzungumzia ada ya shule, michango ya misiba au paa linalovuja?

Mimi na Baba Neema hatukuwa na fungate. Jumamosi tulifunga ndoa, Jumatatu yeye akarudi kazini, nami nikabaki nikirudisha masufuria ya majirani. "Tutakwenda mwakani," alisema. Mwakani hiyo ilifika baada ya miaka 21.

Mwezi Februari ofisi yake ilimtuma kwenye mkutano mjini Cape Town, Afrika Kusini. Tulivunja kibubu, tukanikatia tiketi, na watoto wakabaki na bibi yao. Mkutano ulipokwisha tulikuwa na siku moja yetu wenyewe. Wenyeji wakatushauri twende Franschhoek, mji mdogo uliozungukwa na milima, kiasi cha kilometa 75 kutoka Cape Town. "Mtakula vizuri," walisema, "na divai ya huko ni maarufu."

Neno hilo la mwisho lilinishtua. Mume wangu aliacha pombe mwaka 2016. Sitasimulia yaliyotangulia, mke aliyewahi kukesha akisikiliza kama geti litafunguliwa anayajua. Tangu hapo nilijifanya mlinzi. Katika kila harusi, kabla mhudumu hajafungua mdomo, mimi nilikuwa nimekwisha kusema, "Yeye soda."

Nilitaka tusiende. Baba Neema akanitazama, akasema, "Mama Neema, mimi nataka kuona milima na kula chakula na mke wangu. Twende." Tukakodi teksi.

Mwanamke mwenye Biblia

Asubuhi tulianza kwenye mnara wa Wahugenoti. Hawa walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta amri iliyowapa ruhusa ya kuabudu, na maelfu wakakimbia nchi yao. Mwaka 1688 kundi lao lilianza kufika Rasi ya Tumaini Jema, iliyokuwa chini ya Waholanzi, na wengi wakapewa mashamba katika bonde hili. Ndiyo maana likaitwa Franschhoek, yaani kona ya Wafaransa. Mizabibu waliikuta imekwisha kupandwa katika Rasi, kwani divai ya kwanza huko ilikamuliwa mwaka 1659.

Mnara huo, uliozinduliwa mwaka 1948, una matao matatu yanayowakilisha Utatu Mtakatifu. Mbele yake amesimama mwanamke wa mawe. Mkono mmoja ameshika Biblia, na mwingine mnyororo uliokatika. Nilimtazama kwa muda mrefu, maana nami niliwahi kuomba mnyororo ukatike nyumbani kwangu.

Hata hivyo bonde halikuwa tupu. Wakhoikhoi walikuwa wakilisha mifugo yao huko kabla ya Wazungu kufika, na kazi nzito ya mashamba ilifanywa na watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia ya leo. Wao mnyororo wao ulikatika baadaye sana: utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao hadi mwaka 1838.

Mezani

Mchana tuliingia shamba moja lenye meza chini ya mialoni. Ulikuwa msimu wa mavuno, na matrekta yalipita yakivuta zabibu. Baba Neema, aliyewahi kufanya kazi Dodoma, alisimama kuzilinganisha na mizabibu ya kule.

Mama mmoja wa makamo alikuja na chupa na glasi ndogo za kuonjea. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio, nikafungua mdomo ili niseme neno langu la siku zote. Baba Neema akaniwahi. "Dada, mimi niliacha pombe. Kama una juisi ya zabibu nitashukuru." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Mama yule akatabasamu, akaleta juisi nyekundu yenye barafu.

Kisha akanigeukia mimi. Nilimtazama mume wangu. "Onja ukitaka," akasema. "Umenilinda miaka mingi. Leo na wewe pumzika."

Nilionja kidogo. Ilikausha ulimi kama zambarau lisiloiva vizuri! Baba Neema alicheka hadi akatoa leso. Mama yule akatueleza kwamba ukavu huo hutoka kwenye maganda na kokwa. Divai nyekundu huachwa ichachuke pamoja na maganda yake, na ndiyo huipa rangi. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa. Pia alituonyesha chombo cha kutemea, kwa kuwa wajuzi wa kuonja hawamezi. Nilikitumia bila aibu, nikaomba juisi kama ya mwenzangu.

Chakula kilikuwa bobotie, pishi lililotokana na jamii ya wale watumwa wa Asia: nyama ya kusaga yenye viungo vya mchuzi na zabibu kavu, ikamwagiwa mayai na maziwa, ikaokwa. Huliwa na wali wa manjano. Mwisho tuligawana keki moja ya malva, iliyonyweshwa sosi tamu ya krimu ingali moto. Tulikaa saa tatu. Aliniambia mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyasikia, nami nikamwambia jinsi nilivyoogopa asubuhi ile. Hakukasirika. Alinishika mkono tu.

Upande wa pili wa glasi

Tulipokuwa tukilipa, mama yule alituambia kwamba baba yake alifanya kazi shambani na kulipwa sehemu ya ujira kwa divai. Utaratibu huo uliitwa dop. Sheria iliukataza, lakini katika baadhi ya mashamba uliendelea hadi miaka ya 1990. Matunda yake bado yanaonekana: jimbo lile la Western Cape ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi walioathirika ubongo na mwili kwa sababu ya pombe iliyonywewa na mama zao wakiwa wajawazito. Mama mjamzito asionje hata kidogo.

Bwana wetu aliwapa divai watu wa harusini Kana, na kitabu cha Mithali kinatuonya juu ya wanaokawia kwenye divai. Makanisa yetu hayana desturi moja katika jambo hili, na kila mama afuate dhamiri yake. Lakini kama mumeo ameacha pombe juzi juzi, usimpeleke mahali inapomiminwa. Wangu alikuwa na miaka mingi, na alichagua mwenyewe.

Si lazima uende mbali

Siku kama ile inaweza kupatikana hata karibu na nyumbani. Tangu turudi, Jumamosi moja kila mwezi tunawaacha watoto kwa bibi, tunabeba chakula na kwenda kukaa chini ya mti. Tumekubaliana kwamba ada na madeni havizungumzwi mpaka tumalize kula.

Wiki iliyopita tulialikwa harusini. Mhudumu alipofika mezani, nilikunja mikono yangu nikanyamaza. Baba Neema akaagiza soda mbili.