Bonde la Kilombero: Si Kila Mgogoro ni wa Ng'ombe na Mpunga

Mwezi Juni, maji yanapopungua katika mbuga za Kilombero, mpunga wa waliochelewa kupanda bado umesimama shambani. Wakati huohuo mifugo inateremshwa bondeni kufuata majani mabichi ambayo kwingine yamekwisha kukauka. Kundi likiingia usiku katika shamba la ekari moja, asubuhi mwenye shamba anakuta masuke yamelazwa kwenye tope na nyayo za kwato zimejaa maji. Bwana shamba anaitwa, anapima eneo lililoliwa na kukadiria magunia yaliyopotea, na ofisi ya mtendaji wa kijiji inafurika watu. Habari inayofika mjini Ifakara ni fupi: mgogoro wa wakulima na wafugaji.

Jina hilo limezoeleka mno, na naamini limetugharimu. Linatuonyesha mgogoro mmoja mahali ambapo ipo mitatu au minne, kila mmoja na chanzo chake na dawa yake.

Katika taaluma ya usuluhishi, mgogoro hausubiri fimbo inyanyuliwe. Upo tangu pale pande mbili zinapotaka mambo ambayo haziwezi kuyapata kwa pamoja, au zinapoamini kwamba haziwezi. Johan Galtung, mwanazuoni wa Norway aliyeshiriki kuasisi taaluma ya amani, aliueleza kwa pembe tatu: matendo ya watu, mitazamo yao, na kiini cha mgongano wenyewe. Matendo huonekana kwa macho. Mitazamo na kiini hujificha, na huko ndiko ugomvi unakozaliwa upya kila msimu.

Shamba lililoliwa ni tendo. Mwenye ng'ombe akijulikana na thamani ya mazao ikikubaliwa, analipa fidia na shauri linakwisha. Wazee wa vijiji na viongozi wa wafugaji wamemaliza mashauri mengi ya namna hii kwa kikao cha siku moja, na hakuna gazeti lililoandika.

Mitazamo ni ngumu zaidi. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena hujihesabu wenyeji wa bonde; Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai huitwa wageni hata kama watoto wao wamezaliwa Malinyi au Mlimba. Ukienda shambani, mstari huo unafutika. Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake huwafunga plau na kulima mpunga. Ni mkulima kama jirani yake. Mwenyeji naye huenda ana ng'ombe wachache, au hupokea fedha ili mifugo ya mwingine ile mabua baada ya mavuno. Mtu mmoja anaweza kuwa pande zote mbili za huo "mgogoro wa wakulima na wafugaji". Lakini ugomvi ukishapewa sura ya kabila, kosa la mchungaji mmoja linawekwa shingoni mwa ukoo mzima. Mkoa wa Morogoro unajua mwisho wa njia hiyo: Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa.

Tukifika kwenye kiini, ng'ombe na mpunga wote wanarudi nyuma. Hapo kuna mipaka. Pori Tengefu la Kilombero lilitangazwa mwaka 1952, na kwa miongo mingi vijiji vilikua, vikasajiliwa na kulima ndani na kandokando yake. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Miaka ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu ili kunusuru Mto Ruaha Mkuu, na baadhi yao wakaja Kilombero. Kisha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ikapiga marufuku kuchunga ndani ya mapori tengefu. Mwaka 2023 pori likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Mkulima anaonyesha ramani ya kijiji, mhifadhi anaonyesha ramani ya pori, na shamba moja linaonekana katika ramani zote mbili. Hapo hakuna jirani wa kupatanishwa naye.

Ndiyo maana operesheni ya kuondoa mifugo iliyoanza mwishoni mwa 2012 haikumaliza jambo. Iligusa matendo. Ng'ombe waliondolewa, lakini mipaka ilibaki na utata na malisho yaliyotengwa hayakutosha, na baada ya muda mifugo ilianza kurudi. Sisemi bonde liachwe liliwe. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka huku. Nasema tulitibu pembe moja kati ya tatu.

Kuna mgogoro mwingine usio na mtu wa kushtakiwa. Kule Mang'ula, tembo wanaotoka Milima ya Udzungwa kuelekea Hifadhi ya Nyerere hupita kwenye mashamba, na huko uzio wa mizinga ya nyuki umesaidia kuliko kikao chochote. Na upo ule wa ndani ya nyumba, baba anapokodisha shamba kwa mgeni bila mama kuambiwa. Huu hauingii kwenye takwimu, ila njaa yake ni ileile.

Basi msomaji uliye bondeni, kabla ya kufungua mdomo kwa mtendaji, jiulize shauri lako ni la namna gani. Mazao yakiliwa, ita bwana shamba siku hiyohiyo, kabla mpunga haujainuka au kuoza. Ugomvi wa mpaka na pori hauwezi kuamuliwa na wazee wa kijiji. Halmashauri ya kijiji iupeleke wilayani kwa maandishi, pamoja na ramani. Ugomvi wa ardhi baina yako na jirani uanzie Baraza la Ardhi la Kijiji au la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu tena katika mashauri ya ardhi, kazi yake ni kupatanisha, na zikipita siku 30 bila suluhu una haki ya kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.