NANI ALIMUUA OPTIMUS PRIME? MUUAJI ALIKUWA STOO!

Kila aliyewahi kubanana kwenye kibanda cha video anaijua sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa, atamiminiwa risasi, ataangushwa kutoka ghorofa ya saba, lakini mwishoni ataamka, atajifuta vumbi na kumaliza kazi. Wale wabishi wanaokaa benchi la nyuma hata hawashituki, wao wanasubiri tu adui mkubwa apatikane. Stelingi akifa, mwenye kibanda ajiandae kurudisha hela za watu.

Sasa ichukue sheria hiyo uipeleke Marekani, Agosti 8, 1986. Siku hiyo ilitoka sinema ya katuni iitwayo The Transformers: The Movie. Wazazi wakawapeleka watoto wao wa miaka sita, saba, nane, wakamwone Optimus Prime, yule roboti mwekundu mwenye miguu ya buluu ambaye akijikunja anakuwa lori. Huyo ndiye stelingi. Miaka miwili mfululizo watoto hao walikuwa wanamtazama kwenye televisheni, na kila mara alishinda.

Kama nusu saa hivi tangu mkanda uanze, Optimus anazichapa na adui yake, Megatron. Anampiga kweli kweli, ila na yeye anaumia vibaya. Wenzake wanamlaza, wanamzunguka kama wagonjwa wanavyozungukwa. Anakabidhi uongozi, taa za macho zinazimika, mwili mzima unageuka kijivu. Kafa. Si kuzirai, si ndoto, wala si ujanja wa kumhadaa adui. Kafa kabisa.

Msomaji wangu, ukumbi uligeuka msiba. Watoto waliangua vilio, wengine wakatolewa nje na wazazi kabla mkanda haujaisha. Barua za malalamiko zikamiminika. Waliotengeneza sinema hiyo wamesimulia tangu hapo habari ya mtoto mmoja aliyejifungia chumbani wiki mbili nzima. Kwa roboti! Tena wa plastiki!

Ukimwuliza mtoto nani muuaji, atakwambia Megatron. Mimi nasema Megatron kasingiziwa. Muuaji alikuwa amevaa suti na tai, na silaha yake ilikuwa orodha ya mzigo uliobaki stoo.

Ili unielewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1969 kampuni ya Mattel, hao hao wenye Barbie, ilikuwa na vigari vidogo viitwavyo Hot Wheels vilivyokuwa vinauzika kama maandazi ya asubuhi. Kikatokea kipindi cha katuni kwenye televisheni ya ABC, jina lake Hot Wheels. Kampuni pinzani iitwayo Topper ikaona hapa tunapigwa chenga, ikaenda kushitaki kwa FCC, chombo cha serikali ya Marekani kinachosimamia redio na televisheni. Hoja yao ilikuwa nyepesi: hiki si kipindi, hili ni tangazo la nusu saa. FCC ikakubaliana nao, na mwaka 1971 katuni ile ikafa kifo cha kawaida.

Kwa hiyo kwa miaka mingi njia ilikuwa ni moja: kwanza sinema, halafu vitu vya kuchezea. Mwaka 1977 ikatoka Star Wars. Mattel ilikuwa imeletewa ofa ya kutengeneza midoli yake ikaikataa (naomba mtu anionyeshe huyo bosi aliyekataa, nimpe pole), ikachukuliwa na kampuni ndogo ya Kenner. Kenner wenyewe hawakutegemea balaa lile. Krismasi ikafika midoli haijawa tayari, unajua walifanya nini? Waliuza bahasha ya kadibodi yenye cheti ndani: leta cheti hiki, mwakani utatumiwa midoli minne. Na wazazi walinunua! Mtoto anafungua zawadi ya Krismasi, anakuta karatasi.

Mattel ikabaki inajiuma vidole. Jibu lake likaja mwaka 1982: He-Man, pande la mtu, misuli mpaka shingoni, nywele za kike na chupi ya manyoya. Ujanja wa gharama nafuu ulikuwa mwingi. Yule chui mkubwa wa kijani anayempanda, Battle Cat, hakuchongwa kwa ajili yake. Ni kalibu la zamani la chui wa mdoli mwingine, Big Jim, likapakwa rangi nyingine. Kwa kuwa chui alikuwa mkubwa mno ukimlinganisha na He-Man, wakasema basi, ampande.

Mdoli bila hadithi hauna maisha. Mwaka 1983 studio ya Filmation ikaanza kurusha katuni ya He-Man, na kufikia mwisho ilikuwa na vipindi 130. Kila kipindi kilimalizika na nasaha: usidanganye wazazi, usicheze barabarani, heshimu wakubwa. Hapo mzazi anajiona kapata mwalimu wa bure, kumbe kamruhusu muuza duka aingie mpaka sebuleni, akae kwenye kochi, aongee na mwanawe kila jioni.

Mwenyekiti wa FCC wakati huo alikuwa Mark Fowler, mtu wa Rais Ronald Reagan. Falsafa yake ilikuwa kwamba televisheni ni chombo cha nyumbani kama vingine, akaifananisha na mashine ya kuchomea mkate, ila hii ina picha. Mwaka 1984 FCC ikaondoa mipaka ya muda wa matangazo kwenye televisheni. Mlango ukabaki wazi. Mama mmoja shupavu, Peggy Charren, aliyekuwa anapigania vipindi vya watoto tangu mwaka 1968 na chama chake, alipiga kelele mpaka bunge lao likapitisha sheria mwaka 1990: matangazo kwenye vipindi vya watoto yasizidi dakika 10 na nusu kwa saa wikiendi, na dakika 12 siku za kawaida. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshapita sebuleni.

Ndani ya mlango huo ndimo alimoingia Optimus Prime.

Naye usidhani ni mzawa wa Marekani. Alizaliwa Japani, kwenye kampuni ya Takara, akiwa hana hata jina hilo. Alikuwa mashine tu, tena yenye dereva: kijitu kidogo kinakaa ndani kinaendesha. Kampuni ya Hasbro ya Rhode Island ikaona mzigo huo, ikanunua haki ya kuuuza, halafu ikapeleka maboksi kwa waandishi wa vitabu vya picha wa Marvel: tupeni hadithi. Hao ndio waliotoa dereva ndani na kutia roho. Jina la Optimus Prime alilitoa mwandishi Dennis O'Neil, na mengi ya majina mengine pamoja na tabia zao aliyatunga Bob Budiansky. Septemba 1984 katuni ikaanza kurushwa.

Ilibaki sauti. Akapatikana Peter Cullen. Huyu bwana anasimulia kwamba siku ya kwenda kufanyiwa majaribio alimwambia kaka yake, Larry, aliyekuwa mwanajeshi na alipigana Vietnam, kuwa anaenda kuigiza shujaa ambaye ni lori. Larry akamshauri asifanye shujaa wa kupayuka, awe na nguvu za kutosha kuweza kuwa mpole. Cullen akaenda akaongea kama kaka yake. Basi watoto waliokuwa wanaketi mbele ya televisheni saa baba yuko kazini, au hayupo kabisa, walikuwa wanaisikia sauti ya mtu mzima mtulivu anayewaambia mambo yatakuwa sawa.

Hilo Hasbro hawakulijua. Kwao Optimus alikuwa bidhaa ya mwaka 1984. Mwaka 1986 kulikuwa na mzigo mpya: Hot Rod, Ultra Magnus, Kup na wengineo. Mzigo mpya ukiingia, wa zamani utoke. Kwa hiyo waandishi wa sinema wakapewa orodha, na kazi yao ikawa kufyeka. Kina Ironhide, Ratchet na Prowl wanauawa mwanzoni mwanzoni ndani ya chombo kimoja, bila hata maneno ya mwisho. Megatron anageuzwa kuwa Galvatron, ambaye naye, utashangaa, ni mdoli mpya. Flint Dille, mmoja wa wahariri wa hadithi, alikuja kueleza baadaye kuwa hawakufahamu kama wanaua alama ya watu. Walidhani wanabadilisha bidhaa kwenye shelfu.

Hapa niweke kituko kidogo. Yule dude anayekula sayari kwenye sinema hiyo, Unicron, sauti yake ni ya Orson Welles, gwiji aliyetengeneza Citizen Kane mwaka 1941. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho, alifariki Oktoba 1985, siku chache tu baada ya kurekodi. Mwenyewe alisema anaigiza toi kubwa linaloyashambulia matoi madogo. Kati ya watu wote waliohusika, mzee ndiye aliyesema ukweli mtupu.

Kasheshe la vilio likamtisha kila mtu. Wakati huo Hasbro ilikuwa jikoni inapika sinema nyingine ya wanajeshi wake wa G.I. Joe, na humo kiongozi aitwaye Duke alipangwa auawe. Unamwona anachomwa moyoni, anaanguka. Halafu haraka haraka sauti inapachikwa: yuko mahututi. Mwisho wa mkanda sauti nyingine: amepona! Picha zinaonyesha maiti, masikio yanaambiwa mgonjwa. Wahed! Nao Optimus, mwanzoni mwa mwaka 1987, akafufuliwa kwenye televisheni kwa vipindi viwili maalumu. Sheria ya benchi la nyuma ikarudi mahali pake.

Mattel nao walipata chao mwaka huo huo. He-Man aliyekuwa ameuza dola milioni 400 nchini Marekani mwaka 1986, mwaka 1987 aliuza milioni 7. Sijakosea kuandika, ni saba. Watoto walikuwa wamehama. Sinema ya He-Man ya watu hai, Dolph Lundgren kifua wazi, ikatoka Agosti mwaka huo mdoli ukiwa tayari mahututi, na hapakuwa na sauti ya kupachika.

Ungedhani wamejifunza. Mwaka 2012 Hasbro ikaleta Battleship, sinema iliyotokana na mchezo wa kubahatisha namba kwenye karatasi zenye vyumba, wakamweka na Rihanna ndani. Ilikula zaidi ya dola milioni 200 kuitengeneza, na haikulipa. Nani alikuwa amewahi kumlilia mtu kwenye Battleship? Hakuna mtu humo! Mwaka 2015 wakamrudisha Jem, yule mwanamuziki wa katuni za miaka ya 1980 mwenye nywele za pinki, wakamvua karibu kila kitu wasichana walichompendea. Wasichana hao, sasa ni akina mama, hawakutokea. Wikiendi ya kwanza zikaingia dola milioni 1.4 tu kwa Marekani nzima, na baada ya wiki mbili ikaondolewa.

Walipomrudisha Optimus mwaka 2007, sinema ya Michael Bay, mashabiki walipiga kelele mpaka Peter Cullen akaitwa tena, na bado mzee wa watu alifanyiwa majaribio kama mgeni. Sinema iliingiza zaidi ya dola milioni 700. Kwa mtazamo wangu hadithi yake ni vurugu tupu, vyuma vinagongana hujui nani anampiga nani. Ila sauti ile ikianza kuongea, madume ya miaka 30 yanatulia kimya.

Halafu mwaka 2023 Mattel wakafanya jambo ambalo bosi wa mwaka 1986 angefukuza mtu kazi. Walimpa Barbie yao Greta Gerwig. Kwenye sinema hiyo mabosi wa Mattel wanachekwa waziwazi, mkubwa wao ni Will Ferrell, yule yule aliyekuwa na sauti ya bwana mkubwa mbaya kwenye The Lego Movie ya mwaka 2014. Na Barbie anaharibikiwa kwa sababu gani? Yuko katikati ya disko, ghafla anawauliza wenzake kama huwa wanafikiria kufa. Mdoli anafikiria kifo, na safari hii hakuna mzigo wa kuondoa stoo. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, sinema iliyouza kuliko zote mwaka ule.

Na Optimus? Mwaka 2021 alitangazwa mpya, mwenye mota ndani, unamwamuru kwa mdomo anajikunja mwenyewe kuwa lori, na anakujibu kwa sauti ile ile ya Peter Cullen. Bei kwa walioagiza mapema ilikuwa karibu dola 700. Toi gani la mtoto linauzwa dola 700? Wanaonunua ni wale wale waliotolewa ukumbini wakilia, Agosti 1986.