Nyuzi Tatu Zinazochaguana: Usanifu wa Peptidi za Kolajeni

Takribani theluthi moja ya protini mwilini mwa binadamu ni kolajeni, nayo ndiyo huipa ngozi, kano na mifupa uimara wake. Molekuli yake ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotana. Katika kila uzi, kila asidi amino ya tatu ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa kuwa katikati ya kamba hapana nafasi ya kubwa zaidi. Glisini moja tu ikibadilishwa, msokoto huharibika. Hicho ndicho chanzo cha aina nyingi za osteojenesisi impafekta, ugonjwa wa kurithi unaofanya mifupa ivunjike kwa urahisi.

Kuuiga ugonjwa huo maabarani si kazi nyepesi. Kolajeni ya aina ya kwanza, iliyo nyingi mifupani, ina nyuzi mbili zinazofanana na moja tofauti. Ikiwa nakala moja kati ya mbili za jeni la uzi ule unaojirudia ina kasoro, basi kwa hesabu robo ya kamba za mgonjwa huwa nzima, nusu huwa na uzi mmoja mbovu, na robo huwa na nyuzi mbili mbovu. Hakuna yenye zote tatu. Ilhali peptidi ya maabara iliyo ya aina moja huzaa kamba mbovu katika nyuzi zote tatu, yaani kasoro ambayo mgonjwa huyo hana.

Hivyo peptidi tofauti zinapaswa kuchaguana. Kwa kuwa nyuzi hupishana kwa asidi amino moja, mfuatano wake nao una maana, na peptidi tatu tofauti zinaweza kuungana kwa namna 27. Mwilini uteuzi huongozwa na vipande vya ncha za nyuzi, ambavyo hukatwa baadaye. Peptidi fupi hazina vipande hivyo. Kundi la Jeffrey Hartgerink katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, limetumia chaji za umeme badala yake: laisini, yenye chaji chanya, huwekwa ikabiliane na asidi ya aspatiki, yenye chaji hasi, katika uzi jirani. Kuimarisha mpangilio unaotakiwa hakutoshi. Ile 26 iliyobaki lazima idhoofishwe kwa makusudi, ibaki na chaji zisizo na mwenzi au zinazosukumana.

Uteuzi huo una gharama. Chaji hizo huchukua nafasi za prolini na haidroksiprolini, ambazo huizuia kamba isifumuke kwa joto. (Mwili ukikosa vitamini C hushindwa kutengeneza haidroksiprolini ya kutosha, ndipo kiseyeye huingia.) Kamba inayochagua vyema lakini ikafumuka kabla ya kufikia sentigredi 37 haiwezi kutumika ndani ya mwili wa mgonjwa.