Kununua kitoto cha mbwa ao kuchukua mbwa aliyeachwa? Mambo ya kuuliza mbele ya kumuingiza ku parseli

Kisha usiku wa wizi, asubuhi watu wa avenue wanasimama mlangoni na kusema neno moja: «Hapa inafaa kutafuta imbwa.» Ni hivyo Goma, ni hivyo Bukavu, Butembo na Bunia. Lakini kuna njia mbili za kumpata. Ya kwanza ni kununua kitoto cha mbwa, kwa jirani ambaye mbwa wake amezaa ao kwa kijana anayemuuzisha kandokando ya barabara. Ya pili ni kuchukua mbwa mkubwa ambaye mwenyewe hayuko tena.

Katika inchi za Ulaya, mbwa walioachwa hupelekwa kwenye nyumba za kuwatunza, na mtu anayetaka mmoja anaenda kumchagua pale. Mashariki ya Congo nyumba za namna hiyo ni chache sana. Mbwa anabaki tu mahali aliachwa. Mpangaji anahama, mbwa anabaki mlangoni. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano kisha serkali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, watu walikimbia na watoto, magodoro na masufuria. Vita ilipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, wengi walihama tena. Katika mbio kama hizo, si kila familia inaweza kubeba mbwa.

Basi njia gani ni bora? Watu wengi wanaangalia bei, na wanaangalia nani atabweka haraka. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo inapashwa kuja mbele.

Kitoto: anajifunza, lakini halinde kesho

Uzuri wa kitoto ni kwamba anakomaa mikononi mwa familia. Kuanzia juma la tatu mpaka karibu juma la kumi na ine tangu azaliwe, ndipo mbwa anazoea dunia: watoto, kuku, wageni, kelele za moto. Yule anayeshikwa kwa upole wakati huo, mara nyingi haogope watu kisha.

Tatizo ni kwamba vitoto vingi vinauzishwa mbele ya wakati. Kitoto kinapashwa kukaa na mama yake angalau majuma 8. Kabla ya hapo, hajajifunza hata kupima nguvu ya meno yake, na tumbo lake ni zaifu. Muuzaji akisema «iko na miezi mbili», fungua kinywa. Meno ya kwanza yanaanza kutoka karibu na juma la tatu. Kwa majuma 8 yanapashwa kuwa yametoka yote, madogo na makali kama sindano. Mtoto ambaye bado anatafuta ziwa, ao ambaye tumbo limevimba sababu ya minyoo, bado ni wa kurudishwa kwa mama. Kuna pia ugonjwa wa parvo, wa kuhara damu na kutapika, ambao unaweza kuua kitoto kwa siku chache tu.

Tena, mulinzi wa miezi miwili anahitaji naye mulinzi. Itapita karibu mwaka mzima mbele mwizi amuogope. Katika mwaka huo kuna chakula cha kila siku, dawa ya minyoo, na sindano.

Wengine wanatafuta mbwa wa kizungu, kama berger allemand, sababu ni mkubwa. Bei yake ni kali na anakula sana. Kwa kazi ya kubweka usiku, mbwa wa kienyeji anatosha. Amezoea joto na mabaki ya bugali. Mbwa wa misitu ya Congo, ambao Wazungu wanaita Basenji, walipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930. Leo hii watu wa Ulaya na Marekani wananunua wa ukoo huo kwa bei kali.

Mbwa mkubwa: unamuona alivyo

Mbwa mkubwa aliyeachwa haombe kungojewa. Urefu wake ndio huo, sauti yake ndio hiyo. Watu wanasema «imbwa mukubwa haizoee mutu mupya». Si kweli. Mbwa anayelishwa na mtu mmoja, saa zilezile, bila fimbo, huanza kumjua kwa siku chache na kumtegemea kwa majuma.

Ugumu wake ni historia. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya mbwa wa jirani aliyehama, ambaye avenue yote inamjua, na mbwa anayepita tu kutoka hakuna anayejua wapi. Kwa yule wa kwanza, inafaa kuuliza majirani maswali matatu. Je, aliwahi kuuma mtu? Je, alichanjwa, na karne yake iko wapi? Je, katika miezi hii ya nyuma alipigana na mbwa mwingine ao kuumwa naye? Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, ao kama hakuna anayeweza kujibu, ni vizuri kumuacha na kujulisha munganga wa wanyama.

Kuna pia haki ya mwenyewe. Waliohama wengine wanarudi. Mbele ya kumchukua mbwa, inafaa kupita kwa shefu wa avenue ao wa nyumba kumi, ili ijulikane nani anamtunza na tangu siku gani. Hiyo inazuia ugomvi siku mwenye mbwa atarudi na kumuita kwa jina.

Hesabu ya mbele: kichaa cha mbwa

Njia zote mbili zinakutana hapa. Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu karibu watu 59.000 wanaokufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na watoto ndio wanaumwa sana. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini majuma ao miezi mbele ya kuonekana. Kwa hiyo mbwa kuonekana muzima leo si ushahidi. Wala kitoto si salama kwa sababu ni kidogo. Akiumwa na mbwa mgonjwa, naye anaambukiza. Kwa kawaida sindano ya kwanza inatolewa kwa miezi mitatu, kisha inarudiliwa jinsi munganga anaandika kwenye karne. Mbwa mkubwa anachanjwa mara moja anapopokelewa, na majuma ya kwanza anakaa mbali na watoto. Afisi ya ufugaji ya eneo inaweza kuonyesha wapi chanjo inapatikana.

Mbwa akiuma mtu, kidonda kinaoshwa palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Siku ileile mtu anaenda kituo cha afya, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu chanjo ya mtu inasaidia kama inaanza mbele ya dalili. Jiwe nyeusi, piripiri, mafuta na majani havizuie kichaa. Mbwa aliyeuma, kama yuko muzima, asiuawe haraka. Anafungwa na kuangaliwa siku 10, na hali yake inajulishwa kwa munganga.

Kuamua

Familia yenye subira ya mwaka, na mtu wa kushinda nyumbani, inaweza kununua kitoto, kama kimefika majuma 8. Inayotaka ulinzi sasa, na inayojua mbwa wa avenue ambaye historia yake ni wazi, inafaa kuchukua huyo. Mara nyingi hamuuzwe hata franga moja.

Na kama franga za mfukoni zinatosha kununua kitoto lakini hazitoshi kumchanja, kitoto hicho ni bei kali. Heri franga hizo zilipe sindano ya mbwa wa jirani aliyehama. Zikikosa hata za sindano, parseli ingojee bila mbwa, na franga zilizopo zitengeneze kufuli ya mlango.