Kulala Ufukweni: Mahali Panapofaa Hema na Banda

Ufuko wa Ziwa Victoria una watu wake wa usiku. Katika siku za giza wavuvi wa dagaa huingia majini na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi inapokomaa taa hupoteza nguvu, nao wengi hubaki nchi kavu. Wapo pia abiria waliokosa chombo cha kuvukia Kinesi, na wageni wanaoufuata ufuko kwa miguu wakiwa na mahema mgongoni. Wote huhitaji mahali pa kulaza ubavu, lakini si kila mahali palipo tambarare panafaa.

Jambo la kwanza ni sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa la asili na kingo za mto, shughuli za binadamu zilizo za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kwa asili yake kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Banda lenye nguzo zilizochimbiwa na paa la bati ni la kudumu, hata mwenyewe akiliita la muda. Hema linaling'olewa asubuhi, wala halifanani na jengo. Lakini shimo la choo na taka vinavyoachwa nyuma yake hulichafua ziwa vilevile. Kwa sababu hiyo, ni salama zaidi hata mwenye hema akae nje ya mita hizo.

Katazo hilo lina maana yake. Ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 maji yalipanda kupita kiwango cha mwaka 1964, yakafunika nyumba, mialo na mashamba katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Aliyejenga hatua chache kutoka majini ndiye aliyehama kwanza. Aidha, matete ya kando ya ziwa huchuja tope linaloshuka na mvua, na ni mazalia ya samaki. Anayeyafyeka ili apate uwanja wa kambi huondoa kitoweo cha kesho.

Jambo la pili ni afya. Vimelea vya kichocho hutoka kwa mgonjwa kupitia haja, huingia kwa konokono wa majini, kisha hutoka humo na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua ziwani. Kambi isiyo na choo huuendeleza mzunguko huo, na pia hufungua mlango wa kipindupindu. Maji ya kuoga yaliyotekwa na kuhifadhiwa katika chombo kwa saa 24 au zaidi, bila konokono ndani yake, hupunguza hatari ya kichocho. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kwa kuwa mbu wa malaria huuma zaidi usiku, chandarua ni cha lazima hata ndani ya hema.

Jambo la tatu ni usalama. Viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudia njia zilezile. Hema lisisimamishwe kati ya maji na majani palipo na nyayo zao. Kwa ajili ya mamba, maji yatekwe mchana, mahali peupe. Upepo nao hugeuka: mchana kwa kawaida huvuma kutoka ziwani, na usiku kutoka nchi kavu. Moto wa jioni ukiwekwa upande wa ziwa, cheche zitaelekea majini badala ya kuangukia mahema.

Njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro ni mfano mzuri. Vituo vya Mandara, Horombo na Kibo vimepangwa kwa mwendo wa siku moja baina ya kimoja na kingine, na wageni hulala humo pasipo kila mmoja kukata miti na kujijengea kibanda chake. Ufuko nao hunufaika watu wanapolala mahali pachache palipochaguliwa, penye choo na maji, kuliko wanapotapakaa kila penye mchanga.

Mkazi anayempokea mgeni wa kulala ufukweni amfikishe kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya giza, ili ajulikane endapo dharura itatokea. Katika mwalo, wahusika wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) waarifiwe pia. Anayekusudia kujenga banda la kulaza watu aanzie ofisi ya mtendaji wa kata, apimiwe umbali na kuelekezwa taratibu za kibali kabla ya kununua bati. Gharama ya kupima ni ndogo. Banda lililobomolewa halirudishi fedha ya mtu.