Nyumba ya mlimani huchaguliwa kuanzia barabarani

Picha za nyumba za kupanga milimani zinafanana karibu zote: baraza la mbao, kikombe cha chai kinachofuka mvuke, na ukungu uliolala bondeni. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyechoshwa na joto na foleni huzitazama mara moja tu, akaanza kuuliza bei. Mimi ninayewatafutia watu nyumba za aina hii huanza na swali jingine kabisa: mvua ikinyesha usiku kucha, gari litatokaje hapo asubuhi?

Nyumba ya faragha ina raha pale tu ambapo anayekaa ndani yake anajua kwamba akitaka kuondoka, anaweza. Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, mtoto akipandwa na homa, mto ukijaa, umbali ule ule ulioulipia hugeuka kuwa hatari. Kwa hiyo nyumba iliyojitenga hupimwa kwa njia yake ya kuingilia na kutokea, kisha kwa mtu anayeitunza. Mandhari huja nyuma ya hayo.

Tuanze na Lushoto, ambako wengi wa Dar, Tanga na Arusha hujaribu kwa mara ya kwanza. Ukiiacha barabara kuu pale Mombo, unapanda kilomita 33 za lami yenye kona kali kupitia Soni hadi mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hadi hapo IST au gari dogo lolote linatosha. Ugumu huanza baada ya mji, kwa sababu nyumba zenye mandhari ya kupendeza zaidi zimejengwa ukingoni mwa milima: kuelekea Irente, juu ya Magamba, au mbali zaidi kule Mtae na Mambo, ambako safari kutoka Lushoto inaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Udongo wa huko ni mwekundu, na ukilowa huteleza kama sabuni. Kilomita tatu za mwisho zinaweza kukusumbua kuliko mia tatu za mwanzo.

Mwenye nyumba akikuambia kwamba gari lolote linafika, usibishane naye. Muulize maswali madogo madogo. Gari lililofika mara ya mwisho lilikuwa la aina gani, na ulikuwa mwezi gani? Magari mawili yakikutana njiani, yanapishana wapi? Mlangoni pana nafasi ya kugeuza, au mtu hurudi kinyumenyume? Anayeijua nyumba yake hujibu papo hapo. Anayesitasita mara nyingi hajafika huko tangu apige zile picha. Na hata barabara ikiwa nzuri, panga kufika saa kumi jioni. Katika nchi zetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, lakini ndani ya bonde jua hujificha nyuma ya mlima mapema zaidi, na ukungu ukishashuka, taa za gari hazisaidii kitu.

Jambo la pili ni upande wa mlima. Pepo za mvua kwetu hutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo miteremko inayotazama mashariki na kusini-mashariki hupokea maji mengi, na upande wa nyuma hubaki mkavu. Ndiyo maana Amani, katika Usambara Mashariki, ni msitu mzito unaotiririka maji, huku kingo za Mtae na Mambo zikitazama tambarare kame za Mkomazi. Mlima Kenya nao uko hivyohivyo. Upande wa Chogoria ni wa mvua na msitu mnene. Upande wa Sirimon, kaskazini-magharibi, ni mkavu zaidi na njia zake hupitika kwa urahisi. Mtu anayetaka kuota moto akisikiliza mvua atafurahi Chogoria. Anayetaka watoto wakimbie nje siku nzima aende Sirimon. Nyumba mbili za mlima mmoja, kwa wiki hiyo hiyo, zinaweza kukupa likizo mbili tofauti kabisa, na tangazo halitakuambia hilo.

Mvua inaleta pia suala la mahali nyumba yenyewe ilipokaa. Mnamo Desemba 2023, tope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakafika Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu wengi. Machi 2010, mteremko wa Mlima Elgon huko Bududa, Uganda, ulikifunika kijiji. Sisemi haya ili kumtisha msafiri. Nasema kwa sababu dalili za hatari zinaonekana kwa macho, na kuuliza hakugharimu kitu. Omba video inayozunguka nyumba nzima, pande zote nne. Nyumba iliyojengwa chini ya mteremko uliochongwa wima bila ukuta wa kuzuia udongo, au kwenye mdomo wa korongo, au kando ya kijito chenye mawe makubwa yaliyosombwa na maji, mimi siipendekezi kwa masika hata wakinipunguzia bei nusu. Nyumba iliyokaa kwenye mgongo wa kilima, penye miti mikubwa iliyosimama wima, inanipa usingizi.

Kuhusu mwinuko watu hujidanganya sana, hasa sisi wa pwani. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 na nusu. Lushoto hilo linakupa hewa safi ya sweta. Kwenye mabanda yaliyo karibu na lango la Chogoria, ambako mwinuko unakaribia mita 3,000, hesabu ni nyingine: mchana wa nyuzi 30 Mombasa ungekuwa nyuzi 11 huko, na usiku wa hewa kavu baridi inaweza kukaribia sifuri. Mwenye nyumba aseme kuna mablanketi mangapi kwa kila kitanda, na kama madirisha yanafunga sawasawa. Nyumba za mbao zilizojengwa kwa haraka huwa na mianya ambayo picha haionyeshi.

Mwinuko unagusa mwili pia. Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu aliyetoka usawa wa bahari siku hiyo hiyo anaweza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na kulala kwa mashaka. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Anayezidi kuumwa, anayeanza kupepesuka au kukosa pumzi akiwa amekaa, dawa yake ya kwanza ni kushushwa chini bila kungoja asubuhi. Kama nyumba uliyoipenda iko juu hivyo, lala usiku mmoja Nanyuki au Meru kabla ya kupanda. Na jikoni, jua kwamba maji huchemka kwenye joto la chini zaidi kadiri unavyopanda: kwenye mita 3,000 yanachemka karibu nyuzi 90, hivyo maharage makavu yatakulaza njaa. Chukua sufuria ya presha, au uyachemshe nyumbani kabisa.

Sasa nizungumzie moto, na hapa namwomba msomaji asiniruke. Baridi ya milimani huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani, wafunge mlango na madirisha, walale. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hufa akiwa usingizini bila kukohoa. Hakuna dalili ya moshi ya kumwamsha. Mkaa ulioshika vizuri, ule mwekundu usiotoa moshi, ndio watu huuona salama, na ndio huo unaoua.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nyumba inapashwa joto kwa njia gani? Meko ya kuni yenye bomba la moshi linalotoka nje ya paa ni jibu zuri, mradi bomba lisafishwe. Viota vya ndege na masizi huliziba. Jibu likiwa "tutawaletea jiko", basi jiko hilo likae barazani, mliote kabla ya kulala, kisha mwingie ndani mjifunike. Angalia pia mtungi wa gesi na hita ya maji ya gesi. Hita ikifungwa ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha huzalisha gesi ile ile, nayo imewaua watu waliokuwa wanaoga tu. Mahali pa hita ni nje ya ukuta.

Liko jambo moja linalowachanganya hata wataalamu. Kichwa kinachouma kwa sababu ya mwinuko na kichwa kinachouma kwa sababu ya kaboni monoksaidi vinafanana, na vyote viwili vinafanana na mwanzo wa malaria. Ikiwa watu wote ndani ya nyumba wanaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, chanzo ni hewa ya ndani. Tokeni nje wote, muache milango wazi, kisha mtafute msaada. Kipo kifaa kidogo cha betri kinacholia gesi hiyo inapozidi. Mimi husafiri nacho, na nyumba ambayo tayari inacho ukutani huipandisha juu kwenye orodha yangu.

Maji na umeme ni rahisi zaidi kuviulizia. Maji ya chemchemi au ya mto yachemshwe hata kama ni meupe. Umeme wa sola hupungua siku za ukungu, kwa hiyo simu na taa zitawaka lakini pasi na birika la umeme usivitegemee. Ulizia mtandao upi wa simu unashika, na unashika ukiwa wapi: chumbani, au juu ya jiwe lililo mita 200 kutoka nyumbani? Ulizia hospitali ya karibu na muda wa kuifikia kwa gari, usiku. Ukiwa ndani ya hifadhi, kumbuka kwamba milango hufungwa jioni na nyati hutembea kati ya mabanda gizani, hivyo chakula cha usiku kipikwe mapema na kurunzi iwe karibu na mlango.

Nimefika kwa mtu ninayemthamini kuliko kila kilichomo katika nyumba, yaani mtunzaji wake. Anaweza kuwa mzee wa kijiji wa Kisambaa aliyeilinda tangu ilipokuwa msingi tu, au mama anayekuja asubuhi kuwasha moto na kuleta maziwa. Kabla ya kulipa, omba namba yake, umsalimie kwa heshima inayomstahili, kisha umuulize yeye hali ya barabara. Dalali atakuambia kinachouza. Mtunzaji atakuambia daraja limekatika. Yeye ndiye ajuaye nani ana gari hapo kijijini, chemchemi ipi haikauki, na wapi utanunua pichi, plamu na viazi bila kuteremka mjini. Nyumba isiyo na mtu wa namna hiyo umbali wa kuitikiana, mimi humpa mteja mwenye uzoefu wa milima peke yake. Na mlipe mtunzaji vizuri. Mara nyingi fedha uliyomtumia mwenye nyumba haimfikii.

Kwenye malipo, bei ya nyumba mara nyingi siyo bei yote. Ndani ya hifadhi kuna kiingilio cha kila mtu kwa kila siku, na huko Kenya hulipwa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen; nyumba za watu binafsi zinaweza kutoza kuni, mpishi na ulinzi kando. Uliza jumla. Wapo pia matapeli wanaochukua picha za nyumba za watu na kuzitangaza kama zao. Mtu anayekataa kupiga simu ya video akiwa ndani ya nyumba, au anayetaka fedha yote leo kwenye namba yenye jina lisilo lake, mwache. Malipo ya awali yawe sehemu tu, na masharti ya kurudishiwa fedha barabara ikifungwa yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Familia yenye watoto wadogo, au mzee mwenye shinikizo la damu, inayokwenda mlimani kwa mara ya kwanza, mimi huipeleka Lushoto, nusu saa isiyozidi kutoka mjini, mwezi wa Septemba au Februari, wakati njia imekauka. Mtae na Mambo ni kwa safari ya pili. Banda la mita 3,000 ni kwa watu wazima wenye afya, wenye gari la magurudumu manne, na waliokwisha kulala usiku mmoja njiani. Aprili na Mei, nyumba yoyote iliyo mwisho wa barabara ya udongo iacheni, hata ikiwa nzuri namna gani.