Picha nyeusi na nyeupe zinavyoonyesha makazi ya wanyama Mara

OKTOBA mwaka 2014, mpigapicha wa Marekani, Michael Nichols, alishinda tuzo ya Mpigapicha Bora wa Wanyamapori wa Mwaka, inayotolewa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, kwa picha aliyoipiga katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Picha hiyo haina rangi. Inaonyesha simba majike watano wa kundi linalojulikana kwa jina la Vumbi wakiwa wamejilaza na watoto wao juu ya jabali, huku nyuma yao tambarare ikienda hadi inapokutana na mawingu.

Anayeitazama kwa mara ya kwanza huenda akajiuliza kwa nini mtu aliyewafuata simba hao kwa takriban miezi sita hakuwavuta karibu zaidi, nyuso zao zikajaza picha nzima. Sababu iko katika vile vilivyowazunguka. Majabali ya aina hiyo, ambayo hujitokeza kama visiwa katikati ya nyasi, huwapa simba majike mahali pa kuwahifadhi watoto, kuona mbali na kupata upepo. Tambarare ndiyo ghala lao la chakula, na mawingu ndiyo yanayoamua iwapo nyasi zitaota na nyumbu watarudi. Vikiondolewa hivyo, anabaki simba ambaye angeweza kuwa popote, hata katika bustani ya wanyama huko Ulaya.

Kwa mkazi wa Musoma au Bunda mwenye kamera, hata ile ya simu, jambo hilo liko karibu sana. Sehemu kubwa ya Serengeti imo mkoani Mara, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Hata hivyo, picha nyingi zinazoletwa kutoka huko ni za vichwa vya wanyama, nyingine zikiwa zimefutwa rangi baada ya safari kwa matumaini kwamba zitaonekana za kisanii.

Kufuta rangi hakutoshi. Katika picha ya rangi, jicho humtambua swala pala kwa sababu yeye ni wa kahawia iliyoiva na kichaka ni cha kijani. Rangi zikiondoka, viwili hivyo vyaweza kuwa kijivu kilekile, mnyama akapotea mbele ya macho ya mtazamaji. Ndivyo ilivyo pia kwa simba aliyelala kwenye nyasi kavu. Kinachobaki mikononi mwa mpigapicha ni umbo, kivuli, na tofauti kati ya penye mwanga na pasipo mwanga.

Kwa hiyo mpangilio wa picha hizi huanza na mandhari, na mnyama husubiriwa aingie mahali pake. Yangeyange mweupe huonekana barabara akisimama mbele ya jabali jeusi la ufukweni Musoma. Tembo akipita mbele ya anga la alfajiri. Nyumbu wakiwa kwenye ukingo wa mto ambao jua limeugusa. Urefu wa kamera nao una uzito wake. Kuishusha karibu na ardhi humpa mnyama anga, lakini humnyima ardhi anayoikanyaga. Kupiga kutoka juu, kwa mfano kwenye paa la gari lililo wazi, huonyesha njia za wanyama, madimbwi na mabaka ya majani, ingawa mnyama mwenyewe hupungua kimo. Mpigapicha lazima achague anachotaka kukieleza.

Wapigapicha wa enzi za filamu walitumia kichujio chekundu mbele ya lenzi. Kichujio hicho hutia giza anga la buluu na majani mabichi, na kuzing'arisha nyasi kavu pamoja na manyoya yenye wekundu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta, lakini kanuni ni ileile. Kamera nyingi za dijitali zinaweza kuonyesha picha isiyo na rangi kwenye kioo huku faili ghafi likihifadhi rangi zote, jambo linalomsaidia anayejifunza kuona kijivu tangu akiwa porini. Nichols alikwenda mbali zaidi kwa kutumia miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho ya binadamu.

Mwanga wa Mara nao una masharti yake. Mkoa uko karibu na Ikweta; jua huchomoza kabla ya saa 1:00 asubuhi, hupanda upesi, na kufikia saa nne vivuli vimekwisha kuwa vifupi na vigumu. Watalii wengi hurudi hotelini hapo. Lakini mawingu mazito ya mvua ni mali kwa picha za namna hii, kwani hulipa anga uzito ambao rangi ya buluu tupu haina.

Mwingereza Nick Brandt, aliyepiga picha nyeusi na nyeupe katika Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikataa kutumia lenzi za kuvuta mbali. Alisogea karibu na wanyama na kungoja kwa muda mrefu, ili anga na nchi viingie pamoja nao. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 2016, alisimamisha mabango ya picha za wanyama zenye ukubwa wa mnyama halisi katika majalala na machimbo ya mawe nchini Kenya, mahali ambapo wanyama hao walizoea kupita.

Si kila kiumbe kinafaa kwa kazi hii. Mjusi wa miambani wa ukanda huu, mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, hupoteza karibu sifa yake yote akinyang'anywa rangi, linabaki jiwe. Pimbi wa kwenye mawe ya Butiama, asiye na rangi ya kujivunia, hutoka vizuri zaidi. Na mbega wa misitu ya Mto Grumeti wameumbwa tayari kwa nyeusi na nyeupe.

Picha yenye mandhari ina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Watafiti wa Serengeti, akiwemo Tony Sinclair aliyeanza kazi huko katikati ya miaka ya 1960, walichukua picha za zamani zisizo na rangi, wakatafuta mahali zilipopigiwa kwa kulinganisha mstari wa vilima, kisha wakapiga nyingine kutoka palepale. Hivyo wakaona miti ilivyopungua na kuongezeka. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi kiasi cha milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi nyingi, moto wa porini ukapungua, na miche ya miti ikapata kukua. Picha ya uso wa simba peke yake isingeweza kueleza lolote kati ya hayo.

Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi, makazi ya tembo hayaishii kwenye migunga. Tembo huvuka usiku na kuingia katika mashamba ya mahindi, mtama na mihogo, na familia huamka zikiwa hazina chakula cha msimu. Ni desturi ya wapigapicha kuliondoa shamba, nyumba na nguzo ya umeme ili pori lionekane safi. Nyeusi na nyeupe hurahisisha kufanya kinyume: fulana nyekundu na ndoo ya buluu, ambazo zingeliteka jicho, hutulia katika kijivu, na tembo, bua lililovunjika na paa la bati huonekana kwa uzito ulio sawa. Picha ya nyayo shambani asubuhi inatosha. Kumkaribia tembo usiku ni kuhatarisha maisha.

Miezi michache baada ya kuwapiga picha simba wale wa jabalini, Nichols alipata habari kwamba kundi la Vumbi lilikuwa limetoka nje ya mipaka ya hifadhi, na majike watatu kati ya watano walikuwa wameuawa.